Kuchagua hoteli Osaka: anza na reli, kitanda baadaye

Mtu akitafuta pa kulala Dar au Nairobi huuliza kwanza kama maji yapo, kama mlango unafunga vizuri, na kama jirani hakuna baa inayopiga muziki mpaka alfajiri. Osaka maswali hayo hayana uzito mkubwa. Hata chumba cha bei ya chini huwa na shuka safi, maji ya moto na usalama wa kutosha. Kinachomtesa mgeni ni kingine: hoteli imekaa kwenye reli isiyomfaa, chumba hakina nafasi ya kufungua begi, au bei aliyoiona mtandaoni ilikuwa ya kichwa kimoja na wao ni wawili. Yote haya yanaonekana kabla hujalipa, mradi ujue pa kutazama.

Nazungumzia Osaka na si Tokyo kwa sababu ni jiji linaloshikika kichwani upesi zaidi. Lina vitovu viwili tu vya mgeni kuvijua, na ukilala hapo, Kyoto, Nara na Kobe zote zipo ndani ya saa moja kwa treni. Pia wengi wetu tunaopitia Dubai au Doha tunaweza kutua moja kwa moja kwenye uwanja wa Kansai bila kugusa Tokyo.

Hatua ya 1: Tarehe, viza na saa ya kutua

Mtanzania au Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza kabla hajaondoka, na kati ya karatasi za maombi kuna ratiba ya siku kwa siku inayotaka jina la mahali utakapolala, anwani na namba ya simu. Maana yake unachagua hoteli kabla hujajua kama utasafiri. Kwa hiyo weka nafasi inayoruhusu kughairi bure, hata kama ile isiyorudisha pesa ni nafuu kwa elfu moja mbili za yeni. Viza ikitoka ndipo ubadilishe ukitaka.

Angalia tarehe ya mwisho ya kughairi, halafu angalia ni saa ya wapi. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Tovuti ikisema mwisho ni saa sita usiku kwa saa za huko, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kazini. Iweke kwenye kalenda ya simu ikukumbushe siku moja kabla.

Msimu ndio unaoamua bei kuliko nyota za hoteli. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili ni maua ya mcheri. Kuanzia 29 Aprili mpaka 5 Mei Wajapani wenyewe wana mfululizo wa sikukuu na nchi nzima iko barabarani. Katikati ya Agosti ni likizo ya kuwakumbuka wahenga, na joto lake msimcheke mtu wa Dar akililalamikia: hupita nyuzi 35, tena bila upepo wa bahari. Novemba majani hubadilika rangi, na wanaokosa vyumba Kyoto hushukia Osaka. Chumba kilekile kinaweza kupanda mara mbili ndani ya majuma hayo. Juni ni mwezi wa mvua, na bei hulegea. Ndani ya wiki yenyewe, usiku wa Jumamosi ndio ghali. Kama una siku tano, jaribu kupanga Jumamosi iangukie mahali pengine, uone jumla inavyobadilika.

Kisha saa ya kutua. Uwanja wa Kansai ulifunguliwa 1994 kwenye kisiwa cha kutengenezwa baharini, na treni za kuelekea mjini hukoma karibu na saa sita usiku, zikaanza tena kama saa kumi na moja alfajiri. Ukitua jioni uko salama, ila hesabu foleni ya uhamiaji na begi, saa moja mpaka mbili siku mbaya. Ukitua usiku mnene, usijidanganye na teksi. Mpaka katikati ya jiji ni karibu kilomita 50, na mita ikisimama unaweza kuwa umelipa zaidi ya bei ya chumba. Usiku huo lala uwanjani penyewe, kuna hoteli kwenye jengo la Aeroplaza mkabala na kituo cha treni, au vuka daraja tu ulale Rinku Town. Na ndege ikitua saa saba usiku wa kuamkia tarehe 5, chumba unachohitaji ni cha usiku wa tarehe 4. Wapo wanaofika mapokezi wakaambiwa kwa adabu kubwa kwamba chumba chao ni cha kesho.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kwa kufuata reli

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Fungua ramani ya metro ya Osaka na utafute njia nyekundu inayoitwa Midosuji. Inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, na karibu kila mahali utakapopahitaji pako juu yake, kwa mpangilio huu: Shin-Osaka, Umeda, Yodoyabashi, Hommachi, Shinsaibashi, Namba, Tennoji. Kutoka Umeda mpaka Namba ni chini ya dakika kumi, na treni hupita kila baada ya dakika chache. Ukilala ndani ya hatua chache kutoka njia hii, huwezi kupotea sana.

Namba ni upande wa kusini, panapoitwa Minami. Ndiko kuliko Dotonbori, ule mfereji wenye mabango ya taa ambao umeuona kwenye picha za kila mtu. Treni za kampuni ya Nankai kutoka uwanja wa ndege huishia hapa: ile ya kawaida huchukua chini ya saa moja kwa karibu yeni elfu moja, na ile ya haraka iitwayo Rapi:t ni kama dakika 40 kwa nyongeza. Kutoka Namba pia unapanda treni ya kampuni ya Kintetsu mpaka Nara, kama dakika 40. Kwa anayekuja mara ya kwanza, anayependa kula mitaani na kurudi kwa miguu usiku, Namba inajibu. Ubaya wake ni kelele na umati. Ukichukua hoteli inayotazama vichochoro vya baa, omba chumba cha juu au cha upande wa nyuma.

Umeda ni kaskazini, Kita. Kituo kikuu cha JR, lile kundi kubwa la kampuni za reli za Japani, kinaitwa Osaka, lakini mtaa unaitwa Umeda, na hilo pekee huwachanganya wengi. Kutoka hapa treni ya haraka ya JR inakufikisha Kyoto kwa nusu saa hivi bila kukata tiketi ya shinkansen, ile treni ya risasi, na Kobe ni karibu zaidi. Kama mpango wako ni Kyoto siku mbili na Kobe siku moja, lala Umeda. Bei ziko juu kidogo, na chini ya ardhi ni mtandao wa njia na maduka ambao hata wenyeji hupotea humo.

Shin-Osaka ni kituo cha shinkansen, basi. Kinamfaa anayefika usiku na kuondoka asubuhi kwenda Tokyo au Hiroshima. Wanaokipenda ni wauza safari, kwa sababu kwenye karatasi kinaonekana katikati. Jioni pamepoa, na utapanda metro kila unapotaka kula mahali pa maana.

Hommachi ni mtaa wa ofisi kati ya Umeda na Namba. Mwisho wa wiki wafanyakazi hawapo, kwa hiyo bei mara nyingi hazipandi kama za Namba, na njia tatu za metro zinakutana hapo. Usiku ni kimya, ila Shinsaibashi, mtaa wa maduka, iko kituo kimoja tu.

Mimi nikiulizwa bila maelezo mengi, husema Tennoji. Treni za JR kutoka uwanjani, ya haraka iitwayo Haruka na ile ya kawaida, zote husimama hapo. Njia nyekundu inapita. Treni ya JR inayozunguka jiji inapita. Nara ni nusu saa na ushei bila kubadili. Juu ya kituo kuna Abeno Harukas, jengo la mita 300 lililokamilika 2014, kwa hiyo ukipotea unainua macho tu. Vyumba huwa nafuu kuliko Namba, na watu unaokutana nao dukani ni wakazi, wamebeba vitunguu na diapa. Angalizo moja siku ya kurudi: treni ya kawaida ya JR ya kwenda uwanjani hugawanyika kwenye kituo cha Hineno, mabehewa mengine yakaenda Wakayama. Soma maandishi ya behewa kabla hujakaa.

Kituo kimoja kutoka Tennoji kwa treni ya JR ni Shin-Imamiya, na hapo ndipo utaona bei zinazokufanya uhisi tovuti imekosea. Mtaa huo, Kamagasaki, kwa miongo mingi ulikuwa makazi ya vibarua wa kutwa, na nyumba zao za kulala zikageuzwa hoteli za wasafiri wenye pesa ndogo. Chumba ni mikeka mitatu ya tatami, karibu mita za mraba 5, choo na bafu vya pamoja. Ni safi, na kituo kiko mlangoni. Utakuta wazee wamekaa barabarani wanakunywa, hawana habari na wewe. Kijana anayesafiri peke yake, haya. Familia, au mwanamke anayefika usiku na mabegi mawili, aongeze pesa kidogo ahamie Tennoji.

Wenye watoto wanaofuata Universal Studios, ile bustani ya michezo, hudhani lazima walale getini. Si lazima: kutoka kituo cha Osaka ni robo saa kwa treni. Na ndugu zetu wanaofuata magari, minada iko upande wa bandari, Osaka na Kobe, na mara nyingi wakala ndiye anayekuchukua. Muulize yeye atakupitia kituo gani, ulale hapo.

Hatua ya 3: Dakika tano kutoka mlango upi?

Tovuti itasema "dakika 5 kutoka kituo cha Namba". Uliza: Namba ipi? Kuna Namba ya Nankai, Osaka-Namba ya Kintetsu na Hanshin, JR Namba, na Namba za metro za njia tatu. Kutoka moja mpaka nyingine unaweza kutembea robo saa chini ya ardhi. Umeda ni vilevile: Osaka, Umeda, Higashi-Umeda, Nishi-Umeda na Kitashinchi, zote zimebanana sehemu moja kwa majina tofauti.

Kila kituo kina milango yenye namba, na hoteli makini huandika namba ya mlango wa karibu. Dakika zenyewe Wajapani hupenda kuzihesabu kwa mita 80 kila dakika. Hiyo ni mwendo wa mtu asiye na kitu mkononi. Wewe una begi la kilo 30 na lingine la kilo 23. Basi fanya hivi: weka anwani ya hoteli kwenye ramani ya simu, tafuta ule mlango wa kituo, kisha tazama picha za barabarani. Je, ni ngazi tupu? Milango mingi ya metro ni ngazi nyembamba zinazoshuka mara mbili, na lifti iko mlango mwingine ng'ambo ya barabara. Ramani ya kituo kwenye tovuti ya Osaka Metro inaonyesha lifti ziko wapi. Andika namba ya mlango wenye lifti pembeni ya jina la hoteli. Kazi ya dakika tano ukiwa nyumbani, na siku ya kufika utaitamani sana kama hukuifanya.

Hatua ya 4: Aina ya nyumba

Wengi wetu tutaishia kwenye hoteli za wasafiri wa kikazi, Wajapani huziita bijinesu hoteru. APA, Toyoko Inn, Super Hotel, Dormy Inn na wenzao wapo karibu na kila kituo kikubwa. Vyumba vimefanana kama vya treni, bafu ni kisanduku cha plastiki chenye kila kitu ndani, na kila kitu kinafanya kazi. Mara nyingi kwa chumba utalipa kati ya yeni 7,000 na 15,000 nje ya misimu mikubwa. Toyoko Inn hujumuisha kifungua kinywa kwenye bei. Dormy Inn inajulikana kwa bafu kubwa la pamoja na bakuli la tambi za bure usiku.

Hoteli za kapsuli zilizaliwa hapahapa: ya kwanza duniani ilifunguliwa Umeda mwaka 1979, kazi ya msanifu Kisho Kurokawa. Unalala ndani ya kijumba chenye upana wa mita moja hivi na urefu wa mita mbili, kinachofungwa kwa pazia, si kwa kufuli. Vitu vyako viko kwenye kabati, na begi kubwa linabaki mapokezi. Ni jambo la usiku mmoja wa kusimulia. Wiki nzima ni adhabu, hasa ukiwa na jirani anayekoroma. Angalia pia kama wanapokea wanawake, kwa maana baadhi ni za wanaume tu.

Baadhi ya nyumba za kupanga kwa siku zinafuata sheria ya 2018, inayoziruhusu kupokea wageni siku zisizozidi 180 kwa mwaka, na tangazo halali huonyesha namba ya usajili. Zinafaa kwa familia yenye kutaka jiko. Lakini hakuna mapokezi: funguo ziko kwenye kisanduku cha namba, takataka unazitenganisha mwenyewe, na ukifika mapema hakuna wa kumwachia mabegi. Njia ya kati ni hoteli za mtindo wa nyumba, kama Mimaru, zenye vitanda vya watu wanne au zaidi, jiko dogo na mtu wa mapokezi. Gharama yake igawe kwa vichwa kabla hujashtuka.

Nyumba za kienyeji za mikeka, ryokan, zihifadhie mji mdogo au Kyoto. Na ukiona bango lenye bei mbili, moja ya "kupumzika" na nyingine ya "kulala", hiyo ni hoteli ya wapenzi. Nyingine zimo kwenye tovuti za kawaida zikiwa na alama ya watu wazima tu. Chumba chake ni kikubwa kuliko cha bei hiyohiyo kwingine, sitaki kuwa mnafiki, ila huko mara nyingi ukitoka kutwa huruhusiwi kurudi bila kulipa tena.

Hatua ya 5: Soma mita na upana wa kitanda

Picha za vyumba hupigwa kutoka kona ya juu na lensi pana. Usizitazame sana, tafuta namba. Chumba cha mtu mmoja huwa mita za mraba 11 mpaka 15. Mita 13 ni kama futi kumi kwa kumi na nne, na humo bafu, choo na korido ya mlangoni vimeshahesabiwa. Kinachobaki ni kitanda, meza ya kubana ukutani na njia ya kupita kiubavu. Mabegi mawili makubwa hayafunguki kwa pamoja. Hutelezwa chini ya kitanda, kwa hiyo tazama kama kitanda kina uvungu.

Vitanda vipime kwa futi kama tunavyofanya kwa fundi. Kile kinachoitwa semi-double ni sentimita 120, yaani nne kwa sita. Tovuti itakuuzia kuwa ni cha watu wawili. Double ni sentimita 140, futi nne na nusu. Queen ya sentimita 160 ndiyo inaisogelea tano kwa sita yetu. Ukitaka kila mtu na kitanda chake, chagua twin. Kwa mume na mke waliozoea sita kwa sita, semi-double kwa usiku saba ni mtihani wa ndoa.

Idadi ya watu haina mjadala. Kwetu godoro la ziada hushuka chini na maisha yakaendelea. Osaka chumba kilichoandikishwa watu wawili ni cha watu wawili, na mgeni asiyeandikishwa kwa kawaida haruhusiwi kupanda chumbani hata kwa maongezi. Mtoto ambaye hajaanza shule mara nyingi hulala bure kitanda kimoja na mzazi, lakini lazima umtaje wakati wa kuweka nafasi. Usimfiche.

Angalia pia alama ya sigara. Vyumba vya wavutaji bado vipo, na mara nyingi ndivyo vya bei chee kwenye orodha. Harufu imo kwenye pazia na zulia, haitoki kwa kufungua dirisha, ambalo pengine halifunguki kabisa. Neno la kutafuta kwa asiyevuta ni kin'en. Kitsuen ni cha wavutaji.

Hatua ya 6: Bei kamili

Tovuti za Kijapani hupenda kuonyesha bei ya mtu mmoja, za kimataifa huonyesha ya chumba. Kabla hujalinganisha, jaza idadi ya watu na usiku, kisha nenda mpaka ukurasa wa mwisho usome jumla.

Kuna kodi ya kulala ya Mkoa wa Osaka, ambayo mara nyingi hulipwa mapokezi juu ya ulichokwisha kulipa. Tangu Septemba 2025 ni yeni 200 kwa kila mtu kila usiku pale gharama ya mtu mmoja inapoanzia yeni 5,000, yeni 400 kuanzia 15,000, na yeni 500 kuanzia 20,000. Mfano: chumba cha yeni 12,000 mnalala wawili, kila mmoja ni 6,000, basi kodi ni 400 kwa usiku. Chumba cha 9,000 kwa wawili hakina kodi hiyo. Bahashishi hakuna, usimwachie mtu noti mezani, atakukimbiza akurudishie.

Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu hulipia nafasi vizuri. Ukichagua kulipia hotelini, uwe na kadi ya mkononi au yeni taslimu, kwa maana mashine nyingi za mapokezi zinataka kuchomeka kadi. Jina kwenye nafasi liwe lilelile la pasipoti, herufi kwa herufi.

Hatua ya 7: Swala, chakula na maji

Kifungua kinywa cha hoteli kitakuwa na bekoni, soseji za nguruwe na vitoweo vilivyotiwa pombe ya mchele. Asiyekula hivyo achague bei isiyo na chakula, abaki na yeni elfu moja au zaidi ya kununua anachokijua. Birika la umeme lipo karibu kila chumba, chai yako ya tangawizi itachemka. Kupika hairuhusiwi. Na wa Pwani nisikilizeni: msichome udi chumbani. Kengele ya moshi ni nyepesi, na harufu itakayobaki mtatozwa usafi kama mliovuta sigara.

Kibla ukiwa Osaka ni magharibi ikivuta kaskazini kidogo. Kuna msikiti wilaya ya Nishiyodogawa, karibu na kituo cha Chibune kwenye reli ya Hanshin inayotoka Umeda, na mwingine wilaya ya Nishinari, Istiqlal, uliofunguliwa 2022 na jamii ya Waindonesia. Anayeweka Ijumaa mbele kwenye ratiba, Umeda inamrahisishia ule wa kwanza. Habari njema kwa waliozoea maji: vyoo vya hoteli vina kitufe cha kujisafishia, chenye maji ya uvuguvugu.

Bafu kubwa la pamoja ni la kuingia bila nguo kabisa, wanaume kwao na wanawake kwao, baada ya kujisugua na kujisuuza ukiwa umekaa kwenye kigoda. Mwenye tatuu anaweza kukataliwa. Asiyetaka haya ahakikishe chumba kina bafu lake, kwani nyumba nyingine za bei ya chini zina hilo moja tu.

Umeme ni volti 100, plagi ya miguu miwili bapa. Chaja za simu na kompyuta karibu zote zinakubali, pasi ya nywele ya nyumbani haitapata moto. Beba adapta mbili.

Kuhusu matetemeko, ulizia jengo la baada ya 1981, mwaka ambao kanuni za ujenzi zilikazwa. Hoteli nyingi za kampuni zenye matawi mengi ni za baadaye sana. Ukiingia chumbani tazama ramani ya kutokea nyuma ya mlango na tochi iliyopachikwa karibu na kitanda.

Hatua ya 8: Baada ya kuweka nafasi

Piga picha ya anwani kwa maandishi ya Kijapani na namba ya simu ya hoteli. Utaihitaji kwenye fomu ya kuingilia nchini, na dereva wa teksi mzee ataisoma hiyo upesi kuliko matamshi yako. Kama utafika baada ya saa tatu usiku, waandikie saa utakayofika. Nyumba ndogo hufunga mapokezi, na hoteli yoyote ikikaa mpaka usiku bila habari inaweza kukuhesabu kuwa hukuja, chumba kikauzwa.

Kuingia huanza saa tisa alasiri, na hawatakupa chumba saa tano asubuhi kwa kuwa umechoka. Mabegi watayapokea bure hata ukifika alfajiri. Pasipoti yako watatoa nakala, ndivyo sheria inavyowataka kwa mgeni asiye mkazi. Kutoka ni saa nne au saa tano asubuhi, na kuchelewa kunalipiwa.

Ukiendelea Tokyo, jioni moja kabla ya kuondoka uliza mapokezi huduma ya kutuma mizigo, takkyubin. Begi moja kubwa ni kama yeni elfu mbili au tatu, na kesho yake linakusubiri hoteli unayokwenda, wewe ukapanda treni na mkoba. Vinginevyo, begi ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti chenye nafasi ya mzigo mkubwa kwenye shinkansen ya Tokyo, kinachowekwa mapema. Fomu ya kutuma mizigo inataka jina la hoteli ya pili, simu yake na tarehe utakayoingia, kwa hiyo hoteli ya Tokyo uwe umeshaichagua.